Wafanyakazi 40 na stoo ya chakula ya shule: waende wangapi, wafanye nini

Swali: Mimi ni afisa utumishi katika kampuni yenye wafanyakazi 40. Shule iliyo jirani na ofisi yetu ina stoo ya chakula inayohudumia familia za wanafunzi zipatazo 60, mara moja kwa wiki. Uongozi wetu unataka wafanyakazi wote waende kujitolea siku moja nzima kila mwaka, na kila mmoja aje na chakula mkononi. Mratibu wa stoo anaonekana kusitasita. Tufanyeje ili msaada wetu uwe na maana?

Jibu: Mratibu anasita kwa sababu anaijua stoo yake. Vyumba vya aina hii ni vidogo. Mara nyingi ni darasa moja lililogawanywa, au kona ya bwalo. Wakiingia watu 40, wachache watapata la kufanya na waliobaki watajazana mlangoni, naye atashinda siku nzima akiwatafutia kazi. Wiki inayofuata atakuwa peke yake tena, safari hii na maboksi ya vyakula mchanganyiko ambavyo hakuna aliyevichambua.

Fanyeni hesabu. Watu 40 kwa saa 6 ni saa 240 za kazi. Saa hizohizo mkizigawa kwa watu 6 wanaofika kila wiki kwa zamu ya saa 2 na nusu, zinatosha wiki 16, yaani zaidi ya muhula mzima katika shule zenye mihula mitatu kwa mwaka. Kampuni haitoi muda zaidi, lakini stoo inapata watu wanaojua friji lilipo, wanaojua rafu ipi huisha mapema, na ambao wazazi wameshawazoea. Pelekeni hoja hiyo kwa uongozi kwa tarakimu hizo.

Kwa familia 60, tafuteni watu 14: makundi mawili ya watu 6 wanaopishana wiki kwa wiki, na wawili wa akiba kwa siku ambayo mtu ameugua. Kila mmoja akubali muhula mzima. Zamu iangukie saa ambazo wazazi huja kuchukua watoto, na saa hizo karibu kila mara ni saa za kazi. Kwa hiyo andikeni wazi kwamba muda huo unalipwa, haukatwi kwenye likizo, na nani anabeba gharama mtu akiumia akiwa kule. Jambo hili lisipoandikwa, mkuu wa idara mmoja mwenye kazi nyingi atawazuia watu wake katika wiki ya tatu na kundi litavunjika.

Kuna jambo kuhusu kujiandikisha ambalo kampuni nyingi hazilifikirii. Inawezekana kabisa kwamba mmoja wa wafanyakazi wenu, hasa mwenye mshahara wa chini, ni mzazi katika shule hiyo na anachukua chakula kwenye stoo hiyohiyo. Mkibandika orodha ukutani, au mkimwuliza mtu mbele ya wenzake kwa nini haendi, mtakuwa mmembana kwenye kona. Usajili ufanywe faragha, asiyetaka asiulizwe sababu, na mratibu apewe majina ya wanaokuja siku kadhaa kabla ili aweze kumwambia mzazi husika aje saa nyingine akipenda.

Kabla ya zamu ya kwanza, shule itawataka mpitie taratibu za ulinzi wa mtoto, ikiwemo uchunguzi wa rekodi za uhalifu pale sheria inapodai. Msizichukulie kama usumbufu. Kila mtu asaini ofisini anapoingia na anapotoka, avae kitambulisho, asikae peke yake na mtoto chumbani, na asibadilishane namba ya simu na mwanafunzi. Mtoto akisema jambo zito, kwa mfano kwamba nyumbani hawajala tangu juzi au kwamba anapigwa, msikilizeni, msimhoji, msimwahidi kwamba itabaki siri, na mwambieni mwalimu aliyeteuliwa kabla hamjaondoka shuleni siku hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Watu 6 mnaweza kuwagawa hivi: wawili meza ya kupokea na kuchambua, mmoja rafu na friji, wawili kuongozana na wazazi wanapochagua, na mmoja wa kuzunguka, anayejaza pengo, kubeba mifuko mizito hadi mlangoni na kumpokea mwenzake anayehitaji kupumzika. Mlangoni, penye orodha ya majina, akae mtu wa shule. Ninyi hamhitaji majina. Kadi yenye namba, idadi ya watu katika familia na mzio wa chakula kama upo, inawatosha.

Meza ya kuchambua ndiyo yenye utaalamu, na ndipo wageni wengi hukosea. Anzeni na tarehe. "Bora kabla ya" inazungumzia ubora: biskuti zinaweza kupoteza ukakamavu, lakini chakula kikavu au cha kopo ambacho kifungashio chake ni kizima huendelea kulika salama baada ya tarehe hiyo. "Tumia kabla ya" inazungumzia usalama, nayo hukaa kwenye nyama, maziwa freshi na vyakula vinavyoharibika upesi. Ikipita, kitu hicho kinatupwa, hata kama hakinuki. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yana kanuni yake: tarehe ikipita yanatupwa, bila mjadala, kwa sababu virutubisho vilivyoandikwa kwenye kopo havina uhakika tena na mtoto huyo hana chakula kingine cha kufidia. Stoo yenye kanuni kali kuliko hizi ifuateni yenyewe.

Makopo yanahitaji mkono zaidi ya jicho. Lishike kopo, lizungushe, pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa juu, wa chini na kwenye mshono wa ubavuni. Bonyeo la juujuu lililo laini, lililo mbali na mshono, halina neno. Bonyeo lenye ncha kali, au lililogusa mshono, linatosha kulikataa kopo, kwa kuwa pale bati linaweza kuwa limefunguka tundu lisiloonekana. Kutu inayotoka kwa kitambaa kikavu ni ya nje tu. Ile iliyokula bati na kuacha vishimo ni ya kutupa. Kopo lililovimba au linalovuja lisifunguliwe wala lisionjwe hata kidogo: uvimbe ni gesi ya vijidudu, na miongoni mwao anaweza kuwemo Clostridium botulinum, ambaye sumu yake haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Lifungwe kwenye mifuko miwili na liwekwe nje ya stoo.

Kopo lisilo na lebo nalo halipiti. Hata likiwa zima, mzazi mwenye mtoto mwenye mzio hawezi kujua ndani mna nini. Vinavyosumbua zaidi ni ngano na nafaka nyingine zenye gluteni, maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, karanga, soya, korosho na lozi pamoja na jamii yake, na ufuta. Kwa sababu hiyohiyo, chakula kilichopikwa au kusindikwa nyumbani hakipokelewi, japo aliyekileta ana nia njema na mikono safi.

Kwa mifuko ya nafaka na kunde, inyanyueni dhidi ya mwanga. Unga mwembamba uliojikusanya kwenye pembe ya mfuko wa mchele au maharage ni dalili ya fukusi. Mfuko huo utengwe saa hiyohiyo, maana ukiuacha rafuni wiki mbili utakuta wamehamia kwa majirani. Tundu dogo lenye kingo zilizotafunwa ni la panya. Hapo usiishie kwenye mfuko mmoja, kagua rafu nzima na umwarifu mratibu.

Kwenye rafu kanuni ni moja: kitakachotangulia kuisha muda wake kitangulie kutoka. Kitu kipya kiende nyuma, cha zamani kivutwe mbele. Linaonekana jambo dogo, na ndilo linaloharibika kila linapokuja kundi la siku moja: wageni wanajaza rafu kwa mbele kwa sababu ni rahisi, cha zamani kinasukumwa nyuma, na baada ya miezi mitatu mratibu anatupa katoni nzima. Andikeni mwezi na mwaka wa kuisha kwa kalamu nene, upande unaomtazama mtu, ili asilazimike kugeuza kila kopo. Maboksi yakae juu ya chaga au rafu, sentimita 15 kutoka sakafuni, na yaachiwe nafasi ukutani ya kupitisha ufagio na kuona kama kuna kinyesi cha panya. Sabuni na dawa za usafi zipate rafu yao mbali na chakula, zikae chini kabisa, na hata kwenye mifuko ya familia zisichanganywe na unga au mchele, kwa kuwa hunyonya harufu. Viazi vinataka giza. Vikikaa kwenye mwanga hugeuka kijani na vichungu, na kijani hicho huambatana na solanini, ambayo ni sumu.

Friji lisome nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwenye zamu ya rafu asome kipimajoto anapofika na kabla ya kuondoka, aandike kwenye daftari namba, saa na jina lake. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa ili isidondokee vingine. Umeme ukikatika, msifungue. Friji lililofungwa huhifadhi ubaridi kama saa 4. Friza lililojaa kama saa 48, lililojaa nusu kama saa 24. Vyakula vya baridi visikae nje zaidi ya saa 2, kwa hiyo vinaingia kwenye mfuko mwishoni kabisa, mzazi akiwa tayari amesimama hapo.

Mkipata gunia la kilo 50 msikimbilie kulipasua na kugawa. Kugawa upya kunataka meza iliyosafishwa, maji na sabuni karibu, kichwa kilichofunikwa, kijiko kikubwa kisichotumika kwa kazi nyingine, mizani, na lebo zenye jina la chakula, tarehe ya kuisha iliyokuwa kwenye gunia, na tahadhari ya mzio. Wapangeni watatu: anayechota, anayepima, anayefunga na kubandika lebo. Wabadilishane kila nusu saa, maana anayepima huchoka macho na vipimo huanza kuteleza bila yeye kujua. Kwa pakiti za kilo 2, hesabuni mtapata 24, wala msipange 25. Daima kuna kinachomwagika. Na gunia hilo libebwe na watu wawili. Kilo 23 ni kikomo kinachotumiwa sana na wataalamu wa usalama kazini kwa mtu mmoja, tena mzigo ukiwa karibu na mwili na njia ikiwa wazi.

Swali la chakula gani. Wafanyakazi 40 wakija kila mmoja na alichokuta kabatini, mtapeleka tambi nyingi, makopo ya mahindi matamu, na vitu ambavyo wenyewe hawakuvitaka. Njia bora ni kumpa mratibu fedha, kwa sababu yeye ndiye anayeona kinachopungua, na akinunua kwa jumla hupata kingi zaidi kwa kiasi kilekile. Kama uongozi unasisitiza vitu, ombeni orodha na mpe kila idara kitu kimoja: hawa mafuta ya kupikia, hawa samaki wa kopo, hawa sabuni, taulo za kike na nepi. Vitu hivi visivyo vya kula ndivyo ambavyo watoaji hukumbuka mwisho, na ndivyo vinavyokula fedha ambayo mzazi angenunulia chakula.

Kwa kupanga kiasi, tumieni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wastani unaotumika sana katika mipango ya misaada ya chakula. Familia ya watu 5 kwa siku mbili za mwisho wa wiki ni kilokalori 21,000. Mchele kilo 3 unatoa kama 10,500, maharage kilo 1.5 kama 5,000, mafuta nusu lita kama 4,100. Jumla ni kama 19,600, zaidi ya asilimia 90 ya mahitaji ya nishati, na mzigo wote ni kilo 5 tu, unaobebeka kwa mkono mmoja. Mboga, matunda na samaki wa kopo vinaongezwa juu yake kwa ajili ya vitamini na madini, wala visihesabiwe kama shibe. Nafaka na kunde zibadilishwe kufuata zinazoliwa na familia hizo.

Hesabu hii ina mitego miwili. Maharage makavu hula kuni au gesi nyingi. Familia inayopikia kwenye jiko moja dogo huenda ikahitaji ya kopo. Na maharage mekundu makavu yasipochemka vizuri huumiza tumbo vibaya: yalowekwe angalau saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Bandikeni maelekezo hayo kwenye pakiti, kwa lugha ambayo wazazi wa shule hiyo wanaisoma. Hapohapo mwandike kwamba asali haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja. Mfuko ukibebwa na mtoto mwenyewe ndani ya begi la shule, kipimo kinabadilika: usizidi asilimia 10 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 25 abebe kilo 2 na nusu, na humo madaftari yamo.

Kama shule inaruhusu, acheni wazazi wachague wenyewe badala ya kukabidhiwa mfuko uliofungwa. Rafu ziwe na vibao vya "chukua 2" au "chukua 1" kulingana na ukubwa wa familia. Mzazi ambaye nyumbani hana friji ataacha maziwa freshi, mwingine atayachukua, na kinachotupwa kinapungua. Anayeongozana naye asimbebee maamuzi wala asimwulize maisha yake. Swali moja linatosha: "Kuna kitu hapa ambacho nyumbani hamkitumii?" Ni rahisi kulijibu kuliko "mnahitaji nini?", ambalo humfanya mtu ajieleze. Mkimkuta mtu mnayemfahamu, jirani au mfanyakazi mwenzenu, mwacheni yeye aamue kama atasalimia kwanza, na nje ya stoo hiyo jambo hilo lisitajwe hata kwake.

Simu zikae mifukoni. Najua kampuni hutaka picha, na hilo halina ubaya, lakini pigeni rafu zilizopangwa kabla mlango haujafunguliwa. Asionekane mzazi, wala mtoto kwa mgongo. Sare ya shule inatosha kumtambulisha. Fulana za nembo ya kampuni ziacheni ofisini siku za kugawa. Mzazi anayekutana na watu sita wa sare moja anahisi amekuja kuombwa shukrani. Mifuko nayo iwe ya kawaida, isiyo na maandishi yanayosema imetoka wapi.

Wale 26 ambao hawamo kwenye zamu wana kazi zao. Mhasibu anaweza kuandaa jedwali la kuingiza na kutoa bidhaa ambalo mratibu atalimudu mwenyewe. Mwenye gari apokee mzigo kwa msambazaji. Fundi akaze rafu zilizolegea. Mwisho wa kila mwezi mwombeni mratibu mambo mawili tu: kilo ngapi zilitupwa, na vitu gani viliisha kabla ya familia ya mwisho kufika. Hayo yatawaambia kama mnasaidia, kuliko idadi ya saa mlizojaza kwenye ripoti.

Likizo ndefu ndiyo wakati mgumu kuliko yote, kwa kuwa mlo wa shule hukatika na stoo nyingi hufungwa. Hapa hata ile siku moja ya watu wengi inaweza kupata nafasi yake, ila msiitegemee peke yake. Mfuko wa kilo 5 ni wa siku mbili; wa wiki mbili ungekuwa kilo 35, na hakuna mzazi atakayeubeba. Kwa hiyo ombeni shule mapema iruhusu stoo ifunguliwe angalau mara moja kila wiki wakati wa likizo, kwa kundi lenu la zamu. Kisha, siku ya mwisho kabla ya kufunga, leteni watu 15 mpaka 20, si 40, wafungashe mifuko 60 ya kwanza bwaloni: mchele kilo 180, maharage kilo 90, mafuta chupa 60 za nusu lita. Agizeni wiki mbili kabla na mchukue ziada kidogo kwa mifuko itakayopasuka. Meza ziwe mstari mmoja, vizito vitangulie chini, mafuta yasimamishwe ndani ya kifuko chake. Mwishoni mwa mstari awepo mtu mmoja mwenye mizani ambaye hafanyi kazi nyingine. Kila mfuko usome kama kilo 5. Ukisoma 4.5, chupa ya mafuta imesahaulika; ukisoma 3.5, hayamo maharage. Urudishwe kwenye mstari kabla haujafungwa.